Tanki Lako, Makande Yangu

Mama Neema, dada yangu,

Sijui kama inafaa mke aliyekuja baadaye kumwandikia mwenzake aliyezikwa Vudee. Mtoto ananyonya huku naandika, uuvumilie mwandiko.

Nakuonea wivu. Nimesema. Nilipokuwa jirani yako hapa Same ulinijazia ndoo bila kuniuliza, nikakupenda. Sasa naishi kwako na kila kitu humu ni chako. Nimemzalia mume wetu mtoto, bado anaitwa Baba Neema. Halafu makande, mahindi na maharage tu. Kila nikipika anakula nusu, anaweka kijiko chini: "Ya Mama Neema yalikuwa yanalainika." Nimeloweka usiku kucha, nimeongeza kuni, nimelia jikoni.

Mwezi uliopita mvua ikanyesha. Maji ya paa yakaingia tankini na kumwagikia nje, yakaenda zake barabarani. Tanki lilishajaa maji ya bomba, yale ya chumvi yasiyolainisha maharage. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukivuka uani, kanga begani, kufunga koki ya bomba kila mawingu yalipotanda milimani. Kumbe ulikuwa unaiachia mvua nafasi. Tangu tukuzike hakuna aliyeifunga.

Nikamwambia Baba Neema nataka fundi alishushe boya la tankini karibu na chini, bomba lifunguke lenyewe pale tu maji yakikaribia kuisha. Mimi na mtoto mgongoni siwezi kukimbizana na mawingu. Akasema tanki la Mama Neema lisiguswe. Nikamjibu, "Mama Neema hachoti tena. Nachota mimi." Akanuna. Kesho yake akaja na fundi mwenyewe.

Yale ya chumvi tukafulia mpaka yakapungua, mvua ikajaza. Jana nikapika makande kwa maji ya mvua. Akala, akafumba macho: "Haya sasa ndiyo ya Mama Neema."

Dada, nilitaka kummwagia sufuria. Nikamwambia ni yangu, aseme upya. Neema wako akacheka mpaka akapaliwa. "Ni ya mama mdogo, baba." Hajawahi kuniita mama wa aina yoyote. Nikajifanya nachochea moto.

Pumzika, dada. Neema nitamlea kama niliyemzaa, na akiniuliza nani aliweka mifereji kwenye hili paa nitakutaja wewe. Lakini mume sikurudishii. Na wivu, huo sijaahidi kuuacha.