Bi Mwanaisha Langoni

Alhamisi jioni

Laiti nisingaliwauliza. Katika somo la haki ya jamii, niliwataka wanafunzi wataje dhuluma moja waionayo humu shuleni. Wakamtaja mpishi wetu, Bi Mwanaisha, ambaye kila Jumatatu husimama langoni kungoja kuambiwa kama ana kazi wiki hiyo. Miaka tisa sasa. Wakamwandikia Sista Mkuu barua. Nami, kwa fahari, nikaipeleka.

Bi Mwanaisha alinifuata darasani. "Mwanangu, kaitwae barua hiyo. Wewe utahamishwa, mimi nti yangu ni hini, sina kwengine."

Nilirudi ofisini, lakini Sista alikuwa ameshaisoma. Sista alilisifu somo langu, kisha akauliza kama namjua mpishi mwingine.

Nilijibu kwamba simjui. Jumatatu itanilazimu kumpita Bi Mwanaisha pale langoni.