Pombe ya Safari ya Melania

Didia,
Shinyanga.
9 Desemba 1955

Mpendwa mdogo wangu Bujiku,

Pokea marahaba yangu hata kabla ya shikamoo yako. Hujambo huko Geita? Kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimepona? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, na Baba magoti bado yanamsumbua, ila ulimi ni ule ule.

Sasa kaa chini. Mwanao Melania amefaulu mtihani wa darasa la nne! Kwa wasichana wa shule yetu, amechaguliwa yeye peke yake.

Hukujua yaliyokuwa yananikosesha usingizi. Baba, kama wengi hapa, aliamini masomo yanaisha darasa la nne kwa sababu shule yetu inaishia hapo. Akamwambia Mama apike pombe ya mtama ya kumaliza shule, na siku hiyo hiyo akawaita wazee wa Tinde, wa upande wa mposaji, waje kuzungumza mahari. Mtoto akawa hali chakula.

Wazee wamekwisha kuketi, vibuyu vimejaa, mara mwalimu Herman akaingia na habari. Baba akauliza mbele ya wageni, "Kwani shule haijaisha?" Mwalimu akamweleza: herufi alizofundishwa kwa katekista ni mlango tu. La kwanza hadi la nne, shule ya kijiji. La tano hadi la nane, shule ya kati, na Melania atakaa bweni. Kutoka la tisa hadi la kumi na mbili ni sekondari, halafu Makerere, huko Uganda.

Baba akainama. Nikadhani amekasirika, kumbe anahesabu kwa vidole! Akainuka na magoti yake mabovu: "Ng'wana wane, mtoto wangu huyu, bado yuko njiani. Pombe hii ni ya safari, si ya harusi. Kunyweni, wageni wangu."

Wakanywa! Nani angekataa pombe ya msafiri, aonekane anamtakia mabaya? Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Nawe uliyesema la nne linamtosha msichana, meza maneno yako, ulete blanketi na sanduku la bati. Anaondoka Januari.

Mama, Melania na shangazi Generosa wanakusalimu. Mungu akutoe shimoni salama kila siku.

Baba hatumi salamu, anatuma swali: njia ya kwenda Makerere inapita hapo Geita, ili mjukuu wake awe anakuamkia akipita?

Dada yako akupendaye sana,
Klara