Kaka Beno, Yule Bibi ni Wangu

Kaka Beno,

Leo sikuamkii. Miaka minane nimekupa shikamoo yako kila asubuhi kabla hata sijaweka mkoba chini, pamoja na zile siku ulizochelewa wewe, mimi ndiye niliyefungua ofisi, nikafagia, nikawasha kompyuta. Leo hapana. Ukitaka kujua kwa nini, soma mpaka mwisho. Najua hukuwa mtu wa kusoma mpaka mwisho. Hata ujumbe wa mteja ulikuwa unasoma mistari miwili, halafu unaniuliza mimi huyu anataka nini.

Nianze na habari za huku Kilosa. Ofisi ipo. Dada wa steshenari, chumba cha jirani, bado anatupigia kelele mashine yake ya fotokopi ikikwama, maana anaamini kila chenye waya ni kazi yetu. Kiti chako nilikuwa naweka mkoba juu yake asikae mtu. Siku hizi anakaa yeyote anayeingia. Ile thimu yako ya kijani, yenye tembo mkubwa juu, watengenezaji wake wameacha kuihudumia, kwa hiyo nazivua tovuti moja moja na kuzivisha nyingine. Wateja wakiuliza thimu ni kitu gani nawaambia maneno yako: thimu ni nguo ya tovuti, plagini ni mifuko unayoishonea, mfuko huu wa kupokea oda, huu wa ramani, huu wa kuzuia wezi. Wanacheka na wanaelewa. Na kila nikisema hivyo naongeza, "kama alivyokuwa akisema marehemu Beno." Umeona? Mimi nakutaja.

Sijasahau ulikonitoa. Nilikuwa nachapa barua za watu hapo hapo steshenari, msichana wa Masanze aliyefeli kidato cha nne, ukaja kutoa kopi ukaona navyopanga jedwali. Ukasema, "Wewe kichwa chako kimekaa vizuri, njoo ofisini Jumatatu." Nikaja. Ulinifundisha bila kunifokea hata siku moja, na mimi mjinga nilikuwa nakosea mpaka natamani kulia. Watu walidhani kuna jambo kati yetu. Hapakuwa na jambo. Ulikuwa kaka yangu, mkeo Agnes akawa wifi yangu, na mwanao Neema aliponiita shangazi hakufundishwa na mtu. Ndiyo maana imeniuma hivi. Angenifanyia mtu wa mbali ningemtukana siku moja, nikalala.

Unamkumbuka Mzee Mbwana, mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya wageni kule Mikumi? Utamsahau vipi. Tulimtengenezea tovuti kwa thimu ya Kizungu, ukaiweka Kiswahili mwenyewe kwa haraka, na pale iliposalimia wageni kwa neno la Kizungu la kirafiki wewe ukaandika "Mambo!" Mtu wa kwanza kubuku chumba kwa tovuti ile akawa nani? Baba mkwe wake Mzee Mbwana. Mzee wa miaka themanini na kitu, amebonyeza kwa msaada wa mjukuu, simu ikalia, akasomewa: "Mambo! Tumepokea ombi lako." Mzee akauliza huyu mtoto ni wa nani. Akaambiwa ni nyumba ya mkweo. Hee! Mzee Mbwana alikuja Kilosa asubuhi iliyofuata na koti lake, hakukaa, akasema tumemfanya amwambie mkwewe mambo. Wewe ulijificha nyuma ya kompyuta ukijifanya unatafuta waya. Mimi ndiye niliyeomba radhi.

Wiki nzima nilikuwa nawaza. Tovuti itajuaje imsalimie nani vipi? Kumuuliza mgeni umri ni ukosefu wa adabu mwingine. Ukimpa kila mtu shikamoo, vijana watacheka. Jumapili nikaenda kwa bibi yangu Masanze, na pale barazani akapita mtoto wa jirani mbio bila kuamkia. Bibi hakumfokea. Alinyamaza, akamwacha afike kwenye kona, ndipo akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Nasubiri shikamoo yangu." Mtoto akarudi kichwa chini.

Wallahi sikumaliza hata chai. Nilirudi nikaiandika plagini ile, mstari kwa mstari, mimi peke yangu, siku kumi na moja. Mgeni akifungua tovuti hasalimiwi kwanza. Anaona vitufe: Shikamoo, Habari, Mambo, na cha nne, cha wazee wanaongoja kuamkiwa, Nasubiri shikamoo yangu. Akibonyeza kimoja, kila ujumbe unaomfikia baada ya hapo unafuata adabu hiyo. Wewe ulichagua rangi na kuvipa vitufe umbo la mviringo. Vizuri kabisa, sikunyimi. Tukampelekea Mzee Mbwana, akampelekea mkwewe, yule mzee akabonyeza cha nne, akapata shikamoo yake, akacheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo Mikumi nzima walitaka.

Ukasema tuiweke kwenye duka la plagini la mtandaoni, watu wa mikoa mingine waipate. Kuandikisha kulikuwa kazi yako, mimi Kiingereza cha zile fomu kinanitoa jasho. Nilikuuliza jambo moja tu, na nakumbuka ulivyojibu bila kugeuka: "Tayari, dada. Majina yetu yote mawili." Sikukagua. Ningekagua nini? Kwenye tovuti za wateja lilikuwa linatokea jina la ofisi, basi nikaridhika. Miaka mitatu nikawa narekebisha hitilafu, nakukabidhi, wewe unapandisha mtandaoni.

Halafu presha ikakuchukua, ghafla, tukiwa tumepanga kesho yake twende Kidete kwa mteja mpya. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma na akina mama, kwenye masufuria. Uliposomwa wasifu wako nilikuwa nageuza ugali na macho yamejaa moshi na machozi, sikusikia hata neno. Kumbe watu wote wa Kilosa walisikia nisilosikia mimi.

Mwezi uliopita nikaitwa Mikumi. Wenye nyumba za wageni wameungana, wanataka tovuti moja ya pamoja, ya Kiswahili, kwa ajili ya walimu na vikundi vya kanisa na vya msikitini wanaokuja kuona wanyama. Kaka Beno, ni kazi ya kutuweka mjini miaka. Bila hiyo nilikuwa nafunga ofisi, nakuambia kweli, nilishaanza kumuuliza dada wa steshenari kama bado anahitaji mchapaji. Nikavaa vizuri, nikaenda, nikawaeleza. Nikasema plagini ya salamu niliitengeneza mimi.

Katibu wao, binti mdogo mwenye heshima zake, akafungua ukurasa wa duka la plagini, projekta ikautupa ukutani, wote wakaona. Mtengenezaji: jina lako. Peke yake. Chini yake umeandika: "Wazo hili nililipata kwa bibi yangu wa Masanze, aliyenilea. Mtoto akimpita bila kumwamkia, hunyamaza, kisha husema: nasubiri shikamoo yangu."

Katibu akaniambia taratibu, "Dada, hii si kazi ya marehemu? Hata msibani ilisomwa." Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema niende nilete barua ya familia, kazi ya marehemu ni mali ya mirathi, haichukuliwi tu na aliyekuwa msaidizi wake. Msaidizi. Mzee Mbwana, aliyeniona kwa macho yake nikiomba radhi kwa kosa lako, akaangalia chini. Nikakusanya vitu vyangu. Nilitoka pale nikiwa mwizi wa kitu changu mwenyewe.

Jina langu ungelisahau, ningetafuta sababu. Ningesema fomu ilikuwa na nafasi moja, ningesema haraka, ningesema presha. Lakini bibi, Kaka Beno? Bibi yangu? Ulikuja Masanze mara moja tu, ukala kunde zake, ukaniambia tukirudi kwamba wa kwako alifuata reli kutoka bara huko na alikufa kabla hujazaliwa, hata picha yake hakuna. Nilikuonea huruma. Nilikuambia, "Basi huyu awe wa wote wawili." Yalikuwa maneno ya mapenzi. Hayakuwa ruhusa ya kumbeba ukaenda naye ukaniacha mimi sina. Mtu anaketi, anaandika "aliyenilea", haoni haya? Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwako! Labda ulipomaliza uliniomba nikupitishie chai.

Nilikwenda kwa wifi. Nilimweleza yote, nikalia, nikakasirika, nikasema maneno ambayo hayasemwi kwa mjane. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema, "Wifi, watoto wameshaambiwa baba yao ndiye aliyetengeneza. Neema ameiandika shuleni. Unataka niwaambie nini?" Nikaondoka bila kuaga vizuri, na njia nzima nilikuwa nakuchukia, tena nilikuchukia kwa utulivu kabisa, jambo ambalo sikujua naliweza.

Siku nne baadaye wifi akatokea ofisini amevaa nguo zake nyeusi, na daftari lako mkononi, lile lenye maneno yako ya siri ya kufungulia akaunti. Akasema twende Mikumi. Tulipofika akaomba kusimama mbele yao, yeye asiyependa hata kusoma matangazo kanisani. Nakuandikia alivyosema, maana unastahili kuyasikia:

"Beno hakuwa na bibi Masanze. Siku ya mazishi waliposoma ule wasifu nilijua si kweli, nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wanamsifu. Bibi ni wa huyu. Kazi ni ya huyu. Mume wangu alichukua."

Katibu akazima ule mwanga wa ukutani. Mzee Mbwana akasimama akampa wifi kiti, kisha akasema na yeye alijua ni nani aliyeleta ile kazi, akaona haya kumsema maiti. Kazi wamenipa, tunaanza wiki ijayo. Ningefurahi. Lakini nilimwangalia mkeo amekaa pale, mikono mapajani, amekuvua heshima mbele ya watu wanane ili mimi nivae yangu, nikasema moyoni: kuyasema haya ilikuwa kazi ya Beno. Maneno yale matatu ya mwisho yalikuwa yako. Ulikuwa na miaka mitatu ya kuyasema, chumba kimoja na mimi, mlango umefungwa, na ningekusamehe kabla chai haijapoa.

Tuliporudi nikafungua akaunti yako kwa daftari lile. Nilitafuta, nakiri, kama kuna mahali uliandika jina langu. Kwenye shukrani, kwenye rasimu, popote. Nilipekua mpaka mafaili uliyofuta. Hakuna. Basi nikaweka jina langu. Lako nimelishusha, sikulitupa: "Rangi na umbo la vitufe: Benedikto." Ndicho ulichofanya, na ulikifanya vizuri. Na bibi nimemrudisha nyumbani.

Neema aliona. Alikuja na simu ya mama yake, akaniuliza, "Shangazi, mbona jina la baba liko chini?" Wifi aliniambia nimjibu mimi, yeye nguvu zake zimekwisha. Nilimwambia kweli, bila chumvi. Nilimwambia baba yake alinifundisha kila ninachokijua, na kwamba hiki hakukitengeneza yeye. Mtoto hakulia. Aliniuliza kama alikuwa mtu mbaya. Kaka Beno, nilikutetea. Kwa hasira zote hizi bado nilifungua mdomo nikakutetea, nikasema hapana.

Bibi yeye sijamwambia. Kila swala bado anakuombea, "yule kijana wa reli aliyemaliza kunde zangu." Sitamkatiza.

Basi kwa heri. Tovuti zako zote nitazitunza, hata zile za kijani mpaka nizimalize kuzivua. Neema Jumamosi anakuja ofisini kujifunza, hilo nimemwahidi mama yake na sasa nakuahidi wewe. Lakini kukusamehe sijakusamehe, na sitaandika uongo kwenye barua, uongo wako umetosha. Ninalokuahidi ni hili: siku nikiweza, sitakuandikia. Nitakuja mwenyewe mpaka kaburini kwako, nikuambie kwa mdomo. Nisipokuja, ujue bado.

Zuhura