Jina Ndani ya Kofia ya Mtoto Njiti

Mama Safia, shikamoo. Nakuandikia asubuhi hii mzee akiwa ametoka kwenda kazini na hata vyombo sijaosha, maana nikianza kuosha nitaahirisha tena kama nilivyoahirisha wiki mbili zote hizi na siku zenyewe zinaniishia. Naomba unisaidie kama unavyowajibu wengine gazetini, na usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi Buswelu na mume wangu Venant, na watu wananiita Mama Antoni kwa jina la kijana wetu. Tuna kikundi cha kufuma, akina mama kumi na wanne, tunakutana kila Alhamisi barazani kwa mwenyekiti wetu Mama Dorcas, tunafuma kofia, soksi na vijiblanketi vya watoto njiti, na mzigo ukitosha tunaupeleka wodini kwa wale waliojifungua kabla ya siku zao. Kofia ya njiti tunaipima kwa chungwa, ukiivisha chungwa ikakaa basi itamkaa na mtoto, na kwa wale wadogo kabisa tunatafuta chungwa dogo. Kikundi kina sheria moja ambayo Mama Dorcas humwambia kila anayejiunga, kwamba hatuweki jina, wala namba ya simu, wala alama yoyote kwenye tunachofuma, kwa sababu mama aliyeko wodini ana mengi ya kuwaza na hatutaki aanze kujiuliza amshukuru nani.

Sheria hiyo niliivunja mimi.

Antoni si mtoto wangu wa kwanza. Kabla yake nilizaa mtoto wa kike, mimba ikiwa na miezi saba, akaishi siku tisa. Mume wangu alimpa jina la mama yake mzazi, bibi ambaye baadaye alikuja kufariki akiwa kikongwe, akamwita Kabula. Tulipomzika hatukulitaja tena jina hilo, si kwamba tuligombana, tulinyamaza tu siku ya kwanza na ya pili mpaka kunyamaza kukawa ndiyo kawaida ya nyumba yetu. Alipokuja Antoni nikawa Mama Antoni, tukahamia huku Buswelu, na hakuna jirani hata mmoja anayejua kama kulikuwa na mwingine.

Sasa mwaka jana mwezi wa tatu, siku ambayo mwanangu angetimiza miaka ishirini na tano, nilikuwa nyumbani namalizia kofia nyeupe, nikajikuta nimeshika sindano ndogo nadarizi KABULA kwa ndani kwenye ukingo, kwa uzi mweupe ule ule ili lisionekane, nikaichanganya na zingine na kesho yake zikaenda wodini. Sikuwa na nia mbaya Mama Safia, wala sikutaka mtu alione. Nilitaka tu jina lake livaliwe na mtoto hata mara moja, maana yeye nilimfunika kwa khanga yangu, kofia hakuwahi kuvaa.

Nikadhani yamekwisha. Mwaka huu mwezi wa nne tumekaa barazani tunafuma, akaingia binti mmoja anaitwa Gladness, katoka Usagara, manesi wa wodini wamemwelekeza kwetu, mtoto mgongoni na kapu la michembe ya viazi vilivyokaushwa mkononi, kaja kutushukuru. Akatueleza kwamba mtoto alizaliwa na kilo moja na robo, mama mkwe wake akawaambia wasimpe jina kwanza mpaka waone kama atavuka, kwa hiyo wiki tatu nzima mtoto anaitwa mtoto tu, mpaka siku moja anaifua ile kofia akakuta jina kwa ndani, na nje mvua inamwagika, na kwao Kabula ndiyo jina la mtoto wa mvua, basi akaona ameletewa, akampa jina hilo hilo na toka siku hiyo mtoto akaanza kuongezeka uzito. Akina mama wengine walikuwa wanafuta machozi. Mama Dorcas akavuta kiti akasema, "Mama Kabula, karibu ukae," na mimi nikainuka. Nakuambia ukweli, niliinuka kabisa, ndipo nikajifanya naenda kuchota maji ya kunywa.

Gladness alipoondoka Mama Dorcas akauliza ni nani aliyeandika jina kwenye kofia, na macho yote yakamwendea Mwanvua kwa sababu yeye ndiye fundi wa kudarizi, foronya zake zinajulikana. Mwanvua akasema, "Mimi huyo Kabula namjulia wapi? Kwetu jina hilo hakuna kabisa." Mama Dorcas akamjibu kwamba mambo ya kikundi si ya kuchezea. Mimi nilikuwa nimeinama nahesabu mishono yangu. Toka hapo Mwanvua hajarudi kikundini.

Namba ya Gladness nilishaichukua kwa kisingizio cha kumfumia mtoto sweta, nikaenda Usagara, na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena, sasa ni kila Jumamosi, na Venant namwambia naenda kumwona mgonjwa. Nikifika namwita, "Kabula," naye anageuka. Sijui kama nitakueleza ukanielewa. Miaka ishirini na sita ninalo jina hilo moyoni na sikuwahi kuliita mtu akageuka.

Wiki mbili zilizopita Gladness akaniambia, "Mama, tumekaa na baba yake tumekubaliana, hatuoni mwingine wa kumsimamia mtoto ubatizo ila wewe." Nikafurahi mpaka nikasahau chai. Ndipo mume wake Shigela, aliyekuwa ametoka kufunga ng'ombe, akakaa akasema, "Unajua mama, hawa watoto wa kaka zangu wote wana majina ya marehemu. Wa kwangu jina lake halijaguswa na mtu. Siku ya sherehe nitasimama niwaambie watu." Nikaaga nikasema basi litaniacha.

Ubatizo ni Jumapili baada ya hii inayokuja. Nikisema, wataona nimemvika mtoto wao jina la maiti, watalibadili na mlango watanifungia, na mimi nitakuwa nimempoteza mara ya pili, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya padri nimembeba mtoto wa watu na uongo juu yake. Usiku silali, mchana nakosea mishono, kofia nafuma nafumua. Niseme au ninyamaze? Nijibu mama yangu, hata kwa ukali. Majina naomba uyabadilishe.

Ni mimi Mama Antoni, Buswelu.

*

Marahaba, Mama Kabula.

Nimekuita hivyo makusudi. Ni haki yako, na inaonekana miaka yote hii hakuna aliyekupa. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba, kwa hiyo jirani hatakujua, lakini wewe unajua nimekuita kwa lipi. Pole sana kwa mtoto. Siku tisa alizoishi zinatosha kukufanya mama, na mtu asikuambie vinginevyo. Kama umelia, lia umalize, maana sasa nakugombeza.

Jina kwenye kofia sikulaumu. Umevunja sheria ya kikundi, utaomba radhi, yataisha. Mama anayefuma kofia siku ya kuzaliwa ya mtoto aliyemzika, mkono wake ukaenda wenyewe, mimi nina moyo gani wa kumsema? Makosa yako yameanza baadaye, yameanza siku Mwanvua anaulizwa mbele ya watu na wewe umeinama unahesabu mishono. Mwenzako ameaibika, ameacha kitu alichokipenda, na wewe ulikuwa na neno moja tu la kumwokoa ukalimeza. Hapo ndipo uliponikera, tena sana.

Halafu mzee Venant. Mama wewe, kila Jumamosi unamdanganya una mgonjwa! Yule mliyemzika alikuwa mtoto wake pia, na jina ni la mama yake aliyemzaa. Wewe angalau umepata Usagara pa kwenda, umepata kuliita jina na mtu akageuka. Yeye ana nini? Unadhani kwa kuwa hasemi basi amesahau, na pengine naye anadhani hivyo hivyo juu yako.

Sasa nikuambie lile ambalo hutalipenda. Mtoto wa Gladness siye mwanao aliyerudi. Anageuka kwa sababu ndilo jina lake, angegeuka hata akiitwa na muuza maandazi. Ana mama yake, ana baba yake, ana bibi zake wawili nadhani, na wewe umeingia pale kwa mlango wa sweta bila kuwaambia unachotafuta. Huo upendo wako naamini ni wa kweli. Lakini wao hawajui wanapendewa nini, na hilo si haki.

Unaogopa watasema ni jina la maiti. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba jina lilitoka kwa mama mkwe wako aliyefariki kikongwe, kwa hiyo jina halikumuua mtu. Mwanao alizaliwa mapema, wakati ambao hata kofia haikuwepo. Ila hayo ni ya kwangu na ya kwako. Shigela anaweza kuona vingine, na ana haki hiyo kwa sababu mtoto ni wake. Usichokuwa na haki nacho ni kumwacha baba wa watu asimame mbele ya ndugu zake na wakwe zake atangaze kwamba jina halijaguswa na mtu, na wewe umekaa kiti cha mbele na kitenge cha sherehe, unajua wazi lilimgusa nani. Mambo haya hayafichiki milele. Siku yatakapotoka kwa mdomo wa mtu mwingine hutakuwa na pa kuuficha uso.

Kwa hiyo utasema, na utasema wiki hii. Anza na mume wako leo akirudi, akishakula, usimvizie mlangoni. Mwambie kofia, mwambie mtoto, mwambie na mgonjwa wa uongo. Akinyamaza mwache anyamaze, kaa naye hapo hapo, usiondoke kwenda kuosha vyombo.

Jumamosi nendeni Usagara wote wawili. Usibebe sweta, wala soksi, wala sukari, maana ukienda na mzigo utakuwa unanunua jibu. Na usimvute Gladness pembeni jikoni, binti wa watu usimtwike siri ya kumficha mumewe. Waombe wakae wote wawili, useme hivi: "Ile kofia niliifuma mimi. Jina mlilolikuta ni la binti yangu wa kwanza, aliishi siku tisa. Sikutegemea mtu alione, na Gladness alipokuja kushukuru niliogopa kusema. Mtoto ni wenu, na jina ni lenu kuliacha au kulibadili, na mama wa ubatizo ni wenu kumchagua." Ukishamaliza funga mdomo. Usiwaombe wabaki nalo jina. Usilie kwanza ndipo useme, maana ukilia kwanza watakuhurumia na mtu aliyehurumia hajibu la moyoni. Kisha ageni mwondoke, na usiwapigie simu. Wakitaka siku tatu, wape tatu.

Alhamisi ijayo uende kwa Mwanvua kabla ya kikundi, umwombe msamaha, umwombe mwende pamoja barazani, na urudie maneno yale yale mbele ya wote, kwa sababu alishutumiwa mbele ya wote. Mama Dorcas akikupa adhabu ipokee.

Baada ya hapo mambo yatakwenda kwa namna moja kati ya mbili. Wanaweza kukukaribisha, na nakuambia wapo watu ambao ukweli ukija kwa adabu unawaleta karibu zaidi. Ikiwa hivyo, nenda Usagara mara moja kwa mwezi, kwa kupiga simu kwanza kama mgeni mwingine yeyote. Au watakuambia asante mama, inatosha. Itauma, sikufichi. Lakini hutakuwa umempoteza mwanao mara ya pili. Mwanao utakuwa unaye nyumbani, na baba yake, na mtaweza hatimaye kumzungumzia mezani.

Ama Jumapili ya ubatizo, nenda hata kama wamemchagua mama mwingine. Kaa benchi lolote utakalopata, Venant awe pembeni yako. Padri akiuliza mtoto anaitwa nani, subiri wazazi wataje. Liwe Kabula au liwe jingine, wewe uitikie Amina, tena kwa sauti.