Kofia ya Mzee Deodati Bado Ninayo

Majimoto,
Mpimbwe, Katavi.

Kwako mayo, mama yangu mzazi,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu uiweke akiba, maana ni muda mrefu sijakuamkia kwa utulivu. Magoti yanasemaje na baridi hii? Yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anawazungusha? Kisima hakijakauka? Ningependa kuandika kama wanavyoandika watu, kwamba mimi huku ni mzima, lakini ningekuwa nakudanganya. Nipo hai, na naongea. Kutembea natembea kwa kujishika ubavu, kama mama mjamzito. Hayo ndiyo ya kweli.

Wewe Nyamizi unayemsomea mama barua hii, nisikilize mdogo wangu. Mpeleke mama nyuma ya ghala, mkae wawili tu. Soma polepole na usiruke neno hata likikuumiza. Nimeandika kwa sababu kila nikipiga simu kaka Mihayo anaweka spika, ukoo mzima unaanza kuongea, na mama simsikii hata kupumua.

Mayo, umesikia nimechomwa kisu. Umesikia pia kwamba nilikimbia. Yote mawili ni kweli, ila waliokueleza hawakuwepo. Nakueleza mimi niliyekuwepo.

Mzee Deodati unamjua kwa kumsikia. Ndiye yule Mfipa, mtani wetu, aliyenionyesha pa kulima mpunga nilipofika huku sina hata jembe. Miaka tisa tumepakana majaruba, na miaka tisa hiyo hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima. Mimi nikimwona, "Mtumwa wangu, umeamka?" Yeye ananijibu, "Mnyamwezi, leo huna mzigo wa kubeba?" Mke wake, Bibi Skola, alikuwa anatufukuza wote wawili jikoni kwake kwa mwiko. Tulitaniana mpaka watoto wetu wakadhani ndiyo majina yetu.

Basi mzee akafariki. Aliugua kifua siku chache tu. Na wewe unajua, mtani akifa, mtani mwenzake haendi msibani kukunja mikono. Unakumbuka msiba wa baba. Siku tatu ulikuwa hujala wala kusema, macho makavu, mpaka tukaogopa. Akaja yule mzee mtani wetu, akavaa koti la baba, akalala kwenye kitanda cha baba na viatu vyake vya matope, akaagiza uji. Halafu akakuita, akakunong'oneza kitu sikioni. Ukacheka, mayo. Ukacheka mpaka ukaanza kulia, na jioni ile ukala. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona kazi ya mtani ni kazi kweli.

Ndiyo kazi niliyokwenda kuifanya kwa Mzee Deodati. Ilikuwa mchana, jua kali, Katekista ameshamaliza sala zake. Juu ya jeneza walikuwa wameweka fimbo ya mzee na ile kofia yake ya pama ya kahawia, aliyovaa mpaka kanisani. Nikaichukua kofia, nikavaa. Nikapaza sauti: "Mwamsheni huyu! Hajafa, amesikia msimu wa kuvuna umekaribia ndiyo kajilaza!" Nikaruka kaburini, nikajinyoosha chali, nikasema sitoki mpaka waniletee jogoo. Akina mama walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku machozi yanatoka. Wazee wakaniletea jogoo, nikatoka. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa.

Sasa, mzee ana mtoto wa kiume, Edgari. Alichukuliwa na mjomba wake akiwa mdogo wa miaka minne, akakulia Dar es Salaam. Amefika asubuhi ile ile ya mazishi, macho mekundu, amesafiri siku mbili. Sikumfahamu. Nilimwona tu kijana mwenye shati jeupe amesimama pembeni, pale walipokuwa wanachuna ng'ombe wa msiba. Alikuwa ananiangalia.

Akaja kwangu. Akasema, "Vua kofia ya baba yangu."

Mimi nikafurahi, mayo! Nikasema moyoni, aa, mtoto wa mzee huyu, damu ni ile ile, anajibu utani. Nikamwambia, "Baba yako alikuwa mtumwa wangu, na leo nimekurithi wewe." Watu wakacheka. Akatoa mkono mgongoni, ana kisu cha kuchinjia, bado kina mafuta ya ng'ombe. Watu wakazidi kucheka, hata mimi. Nikainua shati langu nikamwonyesha tumbo. Nikasema, "Choma basi! Tangu lini Mfipa akajua kushika kisu?"

Akachoma.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia baridi, hapa kushoto chini ya mbavu, na nikawa bado nacheka, mdomo haujapata habari. Nilipomtazama usoni ndipo nikaelewa kwamba mle hamna utani hata chembe. Kisu kikarudi mara ya pili, nikakidaka kwa kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia ukaokota jembe la wachimba kaburi, sijui hata lilifikaje mkononi. Nikaliinua. Kichwa chake kilikuwa hapa, usawa wa kifua changu, hana pa kukwepa, nyuma yake udongo na shimo.

Ningeweza kumuua, mayo. Nakwambia wewe, na sijamwambia mtu mwingine hivi. Nilitaka. Hasira ilipanda nikaona giza mchana kweupe. Halafu nikamwona Bibi Skola nyuma yake. Hakuwa anapiga kelele. Mkono mmoja ameuweka juu ya jeneza la mume wake, mwingine ameunyoosha kuja kwetu, na mpaka leo sijui alikuwa anamnyooshea mwanawe au mimi. Nikasema, mama huyu ana jeneza moja tayari.

Nikatupa jembe, nikakimbia. Nilikimbia na kofia ya watu kichwani, damu inachuruzika mpaka kwenye kandambili, nikikanyaga mpunga wangu mwenyewe. Kama hatua hamsini hivi. Nikaanguka kwenye mfereji. Wanaume wakamdaka Edgari, na kama si mwenyekiti wa kitongoji kumfungia ofisini kwake angeuawa pale pale. Mimi nilipandishwa bodaboda mshikaki, katikati ya dereva na shemeji yangu aliyenibana kidonda kwa kitenge, mpaka kituo cha afya, wakapata PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, na kutoka hapo gari mpaka hospitali Mpanda. Wakanishona ndani na nje. Daktari akasema ningekuwa mwembamba kidogo tu, yangekuwa mengine. Basi ule ugali wako wa utotoni haukupotea.

Kaka Mihayo ananitumia sauti kwenye simu kila siku. Anasema nimewaaibisha, mtoto wa baba, mzee Maganga, anakimbizwa na kijana wa mjini mbele ya akina mama. Anasema amekusanya vijana wa sungusungu, wanapanda treni wiki ijayo, wanashuka Mpanda, wanakuja mpaka Majimoto nyumbani kwa marehemu kuwaonyesha kazi. Mke wangu naye amefunga masufuria kwenye gunia. Hataki kusikia mtu. Anasema twende zetu Mishamo, ana dada yake kule, au turudi nyumbani, mpunga ujivune wenyewe. Tangu niruhusiwe kurudi nyumbani, usiku anaweka benchi mlangoni. Simlaumu, yeye ndiye aliyefua shati lile.

Na wazee wa huku wakaja na la kwao. Wakataka nikaandikishe polisi kwamba ilikuwa utani umezidi kidogo, ili Edgari atoke mahabusu yaishe.

Siku ya tano hospitalini akaja Bibi Skola. Jamani, mjane hatoki nyumbani kabla matanga hayajamalizwa, watu wamemsema sana kwa hilo. Alikuja na kaniki yake, akakataa benchi, akakaa chini sakafuni karibu na kitanda changu. Mimi nikageukia ukutani. Wakapita kugawa chai, akanipokelea kikombe.

Ndipo akasema, "Mnyamwezi."

Nikavuta shuka mpaka masikioni.

"Miaka yote unajisifu kwa kubeba mizigo. Katobo kamoja tu, umelala siku tano?"

Nikacheka, mayo. Sikutaka, kicheko kikanitoka tu. Nyuzi zikavuta, nikapiga yowe, nesi akaja mbio akidhani nimeshambuliwa tena. Bibi Skola akaanza kulia, nami nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, wodi nzima inatuangalia.

Alipotulia akasema, "Wamenituma nikuombe useme ilikuwa utani. Mimi sikuombi hivyo. Ulitobolewa wewe, mdomo ni wako. Mimi nakuuliza jambo moja. Matanga ya mzee atayamaliza nani?"

Unajua maana yake. Mtani aliyeanza kazi kaburini ndiye anayeimaliza. Ndiye anayefagia uwanja, anagawa nguo za marehemu, anawachekesha wenye nyumba ili wapike tena kama watu. Nisipokwenda, nyumba ile itabaki na msiba wake ndani. Na kofia ya mzee ninayo mimi. Mke wangu ameifua mara mbili, doa limebaki pale kwenye ukingo.

Akaniambia pia kuhusu Edgari. Anasema alidhani mimi ni mlevi wa kijiji niliyekuja kumdhalilisha baba yake, na watu wote wanacheka kwa kuniogopa. Hakuna aliyemwambia habari za watani. Huko alikokulia mambo haya hakuyaona. Na mimi sikuuliza, mayo. Baba alitufundisha, kabla hujamtania mtu umjue kwanza ni nani na amekaaje moyoni. Mimi niliona kicheko cha watu nikalewa nacho. Hilo ni kosa langu, na nimelala nalo kitandani kule. Lakini kisu kilikuwa kisu, na hilo ni kosa lake. Sitamsaidia kulibeba.

Kwa hiyo polisi nimeeleza yote kama yalivyokuwa. Nimesema alinichoma mara mbili. Nimesema pia niliinua shati nikamwambia achome. Askari aliacha kuandika akanitazama, akasema, "Kweli nyie watu mna mambo." Mahakama itaamua. Kwenye habari ya utani sijaongeza wala kupunguza.

Na haya ndiyo niliyoamua. Sipigani, na siondoki. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa, na majaruba yale nimeyachimba kwa mikono hii. Mwambie kaka Mihayo asipande treni. Usimwambie mimi nimekataza, hatanisikia, mwambie umekataza wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama. Akifika Majimoto na fimbo zake, huku watajibu, na watakaozikwa hawatakuwa wale waliokosana. Mimi na mke wangu na watoto ndio tutabaki kupakana na makaburi hayo. Akisema nilikimbia, mwambie ndiyo, alikimbia, hatua hamsini, amesema hizo zinamtosha maisha yake yote.

Lakini usidhani nimekuwa shujaa. Naogopa. Mke wangu akikata kitunguu natoka nje. Mtu akija nyuma yangu sokoni nageuka, jasho linanitoka. Matanga ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeahidi nitakwenda, nimevaa kofia. Nitapita karibu na kaburi, na pale nilipoangukia. Watu wote watakuwa wananitazama usoni, wanangoja nifungue mdomo.

Nisalimie dada yangu mkubwa na mume wake, na mjomba mwenye mizinga mwambie asali yake ilifika, nailamba humu kitandani. Msalimie shangazi anayeuza vitumbua, na jirani yetu yule fundi baiskeli aliyemzika baba pamoja nasi. Hata kaka Mihayo msalimie, hasira yake najua inatoka wapi. Mke wangu anakuamkia. Watoto wanauliza lini bibi atakuja kuona mpunga.

Barua hii nimempa mama mmoja anayepeleka mchele Tabora, ameahidi itakufikia kabla ya treni.

Mayo, nina ombi moja tu, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya msiba wa baba, yule mtani akiwa kitandani na koti la baba, alikunong'oneza nini? Mimi nilikuwa mlangoni, sikusikia. Hujawahi kutuambia na sisi hatukuthubutu kuuliza. Tafadhali mwambie Nyamizi anipigie akiwa shambani peke yake, aniambie neno kwa neno. Nimekaa siku zote hizi nikitafuta la kumwambia Bibi Skola nikifika mlangoni kwake, na sina hata neno moja la kuchekesha.

Ni mimi mwanao wa tatu, uliyemnyonyesha muda mrefu kuliko wote,

Kapaya.