Bipu za Kavira

Jumatatu, 9 Juni

Kahawa bila sukari. Soli ya kiatu cha kushoto imeachia tena. Saa nane kanisani, kunakili daftari la ubatizo. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa barazani, simu pajani, kama kila jioni tangu Kavira aondoke hapa Butembo kwenda Kalunguta kuvuna maharagwe yetu. Saa kumi na mbili na dakika tatu: bipu moja. Mzima. Nikarudisha moja: nimepata. Nikala.

Mpango huu ni wangu. Mke wangu huzima simu mchana kutwa, maana huko shambani simu inayolia huleta watu wasiotakiwa. Jioni anapanda kilimani penye mtandao, anawasha, anabipu, anangoja bipu yangu, anazima. Moja: mzima. Mbili: nakawia, usihofu. Tatu: pameharibika, nateremka njia panda, njoo na pikipiki unichukue, sitaondoka hapo mpaka ufike. Sentensi hiyo ya mwisho nilimtaka airudie mara mbili, kama darasani.

Hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyesema kwamba kwa simu mbili za Zeriko, moja kwake, moja kwangu, itakuwa kama yuko chumba cha pili.

Baada ya kula, Zeriko yangu ikaomba mise à jour, kusasishwa. Nikaikubalia. Kuna ulinzi mpya dhidi ya matapeli, wale wanaokupigia kusema umeshinda gari. Nikabonyeza Accepter, nakubali, kwa moyo mweupe. Hii ndiyo kampuni inayomfikiria mteja wake. Miaka kumi na mitatu niko nao. Simu ya tano hii.

Jumanne, 10 Juni

Simu imekuwa nyepesi baada ya mise à jour. Herufi kubwa, hata bila miwani nasoma. Kama ingekuwa mwanafunzi wangu ningempa kumi na nane juu ya ishirini.

Hakuna bipu leo. Mvua imenyesha upande wa Kalunguta tangu saa tisa, nimeiona mwenyewe mlimani. Hakupanda kilimani. Sawa.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna bipu. Nimempigia mara nne. Injoignable, hapatikani. Najua amezima, lakini nimepiga tu.

Nilidhani labda simu yangu ina kasoro. Mchana mtoto wetu Paluku akapiga kutoka Kasindi, ikalia vizuri, tukaongea dakika mbili. Basi simu ni nzima. Sikumwambia kitu Paluku.

Naandika kuhusu Zeriko ili nisifikiri. Ya kwanza niliinunua mwaka ule nilipokuwa nasahihisha mitihani ya darasa la sita. Ya vitufe, yenye tochi. Ilianguka kwenye ndoo ya maji ya kufulia, nikaianika juu ya mabati siku mbili, ikaamka. Ndiyo anayotumia Kavira mpaka leo, batri inakaa wiki nzima. Halafu kampuni ikaanza ujanja. Waliondoa batri ya kufungua kwa mkono, nikasema ni maendeleo. Waliondoa redio, nikasema nani bado anasikiliza redio, mimi niliyekuwa naisikiliza kila asubuhi. Nimewatetea kama mtu anavyomtetea shemeji mlevi. Nusu ya wazee wa kanisa letu wana Zeriko kwa sababu ya mdomo wangu.

Sina usingizi.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna bipu.

Saa moja jioni wanawake watatu wameingia mtaani na magodoro kichwani. Wametoka upande wa Kalunguta. Wanasema risasi zimelia tangu alfajiri, watu wametawanyika. Niliwauliza kama wamemwona Kavira, mke wa Mwalimu, mrefu, ana pengo la jino moja mbele. Mmoja alisema hapana. Wawili waliendelea kutembea.

Naogopa. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Parking ya pikipiki tangu saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya Beni imefungwa kwenye barrière, kizuizi cha askari. Wenye pikipiki wote wamekataa. Mmoja aliniambia nirudi nyumbani nikaombe, nikamtukana. Mimi, mzee wa kanisa. Nilimwomba msamaha, akasema amesikia makubwa zaidi wiki hii.

Kama hali ni mbaya angebipu mara tatu. Hajabipu. Basi ama hali si mbaya, ama hayupo wa kubipu. Nimezungusha jambo hili siku nzima kichwani na kila mara linaishia palepale.

Simu imekaa mkononi tangu asubuhi. Hata chooni.

Hakuna kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Mungu wangu.

Saa nne Shemasi Muhindo alikuja. Nilifikiri amekuja kunifariji. Kumbe amekasirika. Alisimama mlangoni bila kuketi.

“Mwalimu, miye nilikubipea tangu siku ya pili juu ya mukutano ya bazee. Hata moja haukurudishe. Tulikukosea nini?”

Nikamwambia hakunibipu, si Jumanne wala siku nyingine. Akasema amenibipu. Nikamwambia anibipu hapohapo. Akatoa simu yake, akabonyeza, nikasikia kwake inaita mara moja, akakata. Simu yangu ilikuwa juu ya meza kati yetu. Haikulia. Haikuwaka. Akarudia. Mezani kimya.

Nilikimbia na kiatu changu kibovu mpaka kibanda cha Mama Masika, anayetengeneza simu karibu na soko. Hakuifungua hata. Alipitisha kidole mara tatu, akafika mahali nisipopajua.

“Papa, telefone yako haiko na ugonjwa. Batu benye kubipa, yeye anawaza ni ba-escrocs. Anabafunga, hapana kukuambia.”

Anayeita mara moja na kukata ni tapeli. Ndivyo kampuni ilivyoamua, huko iliko. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi na mtu ambaye hana unités, salio la kupigia. Hapa kwetu bipu ni barua. Harusi zimepangwa kwa bipu. Na mimi niliwapa ruhusa kwa kidole changu.

Kulikuwa na orodha ya bipu zilizofungwa. Nanakili za Kavira ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika moja. Moja.
Jumatano, saa kumi na mbili. Moja.
Alhamisi, saa kumi na moja na dakika arobaini. Tatu.
Ijumaa asubuhi, tatu. Adhuhuri, tatu. Jioni, tatu.
Leo saa kumi na mbili asubuhi. Moja.

Kwa nini moja? Moja ni mzima. Au alitaka tatu akazuiwa. Au batri. Mama Masika aliuliza kama nataka maji. Nilikuwa nimekaa chini, kwenye matope, mbele ya kibanda chake.

Nimempigia mara ishirini. Injoignable.

Ameniita tangu Alhamisi. Na nilimfundisha kwamba asiondoke njia panda mpaka nifike.

Baadaye, jioni. Barrière bado imefungwa. Nimewaandikia Zeriko katika sehemu yao ya malalamiko. Nafasi ya kuandika ni fupi, nilikata maneno mara tatu. Mwishoni niliandika tu: mke wangu alikuwa ananiita, nyinyi mkamnyamazisha. Nimebonyeza tuma. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda ibadani. Saa tano walifungua barrière kwa magari yenye askari mbele. Nilipata pikipiki moja iliyokubali kufuata nyuma yao.

Njia panda. Maduka yamefungwa. Mtumbwi mmoja wa kukamulia kasikisi, pombe ya ndizi, umepinduliwa kando ya barabara, mbwa analala chini yake. Hakuna Kavira.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiita jina lake. Sijawahi kupiga kelele hivyo, hata darasani. Mama mmoja aliyerudi kutafuta mbuzi wake akatokea nyuma ya nyumba. Nilimweleza: mrefu, pengo la jino. Akaonyesha baraza ya kanisa dogo la mabati.

“Alikuwa anaikala pale. Tulimuambia tukimbie, alikataa. Anasema, bwana yangu iko mu njia.”

Siku mbili, usiku mbili. Jana adhuhuri askari waliwapakia wote waliobaki kwenye lori kuwapeleka Beni. Huyo mama anasema Kavira hakutaka kupanda. Walimbeba.

Nilikwenda kuiangalia ile baraza. Saruji tupu, ganda la ndizi, sehemu ambapo mtu ameketi vumbi limeondoka. Niliketi hapo mpaka dereva akapiga honi.

Tumefika Beni jioni. Nalala kwenye benchi la kanisa. Yuko hai. Alikuwa hai jana adhuhuri. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi ujumbe wa Zeriko, kwa Kifaransa kizuri. Mteja mpendwa. Wanasikitika kwa usumbufu. Wananikumbusha kwamba ulinzi ule unaweza kuzimwa na mteja mwenyewe wakati wowote. Wanaomba niwape nyota, kutoka moja hadi tano, kwa jinsi walivyonihudumia. Sikutoa hata moja. Hapakuwa na nafasi ya sifuri.

Wakimbizi wamewekwa mashuleni. Shule ya kwanza, hapana. Ya pili, kuna Kavira wawili, wote si wangu. Mmoja alinitazama kwa matumaini, labda naye kuna mtu anamngoja. Niliondoka haraka.

Shule ya tatu, darasa la tano. Madawati yamerundikwa ukutani. Alikuwa amelala sakafuni juu ya kitenge, uso ukutani. Nilimjua kwa miguu. Imevimba mpaka vifundoni.

Niliita jina lake. Aligeuka. Hakushtuka, hakulia. Aliniangalia muda mrefu kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mwandiko mbaya.

“Ulikuwa wapi?”

Nilitoa simu. Nikamweleza yote, mise à jour, matapeli, orodha. Nilieleza kama mwalimu, kwa mpangilio, na nilijisikia aibu kwa mpangilio huo. Hakuishika simu. Alisema Alhamisi hapakuwa na mtu wa kumwazima hata unité moja, wote walikuwa wanakimbia. Alisema leo asubuhi amevua pete akaifunga kwenye ncha ya kitenge, kwa sababu aliamini nimekufa. Ama shinikizo la damu, ama pikipiki. Hakukuwa na sababu nyingine iliyomwingia akilini.

Ana homa. Malaria, wanasema. Wamempa dawa.

Jumanne, 17 Juni

Homa imeshuka. Amekunywa uji nusu kikombe. Nimemkanda miguu kwa maji ya chumvi. Nje watoto wanacheza mpira wa matambara mbele ya bendera.

Barabara bado. Tutakaa hapa siku mbili tatu. Maharagwe yamebaki shambani, mengine yamekwisha kukauka kwenye magunia. Hakuyataja, nami sikuyataja.

Nimezima ule ulinzi. Nimeizima na simu yenyewe. Haina kazi, mtu niliyekuwa naye kwenye simu yuko hapa.

Adhuhuri alizungumza, bila kuulizwa, macho kwenye dari. Alisema pale barazani hakuwa na hofu sana. Kazi ilikuwa kusikiliza barabara.

“Kila pikipiki yenye ilitoka Butembo, nilisimama.”

Akalala tena. Sasa hivi analala, mdomo wazi kidogo, pumzi nzuri.

Kuna jambo sikuliandika Alhamisi, na halina mahali pengine pa kukaa ila hapa. Jioni ile, kabla ya wale wanawake kuja na magodoro, jirani yangu Kasereka alikuja ukutani. Ana simu ya kampuni nyingine, tunabishana hivyo miaka yote. Alisema, Mwalimu, siku ya tatu hii bila bipu, pengine ni hiyo Zeriko yako, ngoja nikubipu tuone kama italia. Nilikataa. Nilimwambia Zeriko haina shida, na kwamba yeye anatafuta nafasi ya kunicheka. Niliinua simu juu ya ukuta aitazame vizuri, nikamsomea sifa zake moja baada ya nyingine, batri, kamera, herufi kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Alipokuwa anarudi ndani nilitazama saa ya simu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, dakika tano baada ya zile tatu za Kavira.