Jumamosi Wanaleta Mahari, Nami Nimepangwa Jikoni

Mpendwa Kabura, naomba unishike mkono. Ninaishi Kianyaga, na tangu niolewe hakuna shughuli katika ukoo wa mume wangu ambayo sikuponda mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi na mboga, iwe ni arusi au matanga, kwa sababu wanasema mkono wangu ni mtamu nami sijui kukataa. Mwezi wa pili wazazi wa kijana anayemtaka kifunguamimba wangu, Shiku, walikuja kujua boma, nikawa jikoni kama kawaida, na walipouliza mama wa msichana yuko wapi wamvishe shuka waliyomletea, wifi yangu Wangui akasimama, wakamvisha yeye, vigelegele vikapigwa, nami nikavisikia nikiwa na mwiko mkononi, nikalia nikasingizia moshi. Sasa Jumamosi hii wanaleta mahari, na Wangui ametuma orodha kwenye kundi la WhatsApp, jina langu ni la kwanza kwa wapishi. Nilijaribu kumwambia ningependa kuketi na wageni, akacheka akasema, "Ati ukae na wageni? Na hii mukimo itapondwa na nani?" Mume wangu anasema nisilete vita. Basi nikajibu kwenye kundi, "Sawa." Nifanye nini?

Mama Shiku

Mama Shiku, pole. Hiyo shuka imeniuma hata mimi. Lakini hiyo "Sawa" nayo, nani alikushika vidole? Wanasema mvumilivu hula mbivu. Wewe umevumilia, na mbivu zimeliwa na wifi. Wangui hana kosa peke yake. Alikuta kiti kitupu, akakikalia.

Leo hii rudi kwenye kundi lilo hilo uandike: "Jumamosi sitapika. Mimi ndiye mama wa Shiku, nitaketi na wageni." Usiongeze samahani. Utatetemeka. Tetemeka, lakini utume. Simu ikianza kulia, maliza chai yako kwanza. Mumeo mwambie kwa upole, ila ajue unamwarifu, humwombi ruhusa. Ijumaa waonyeshe wasichana wawili namna ya kuponda, na mukimo ikitoka na madonge italiwa hivyo hivyo. Sijasikia ndoa iliyovunjwa na viazi.

Asubuhi vaa nguo yako nzuri kabla mtu hajakupa aproni, uketi mbele. Shiku atakuwa akikutazama, na unavyojiweka nyumbani kwako ndivyo naye atakavyojiweka kwa wakwe zake.